Spirulina kwa vifaranga wa sato, Moshi: shajara ya mradi

Mradi uko Mabogini, chini ya mji wa Moshi. Nina bwawa moja la kukuzia sato, jingine dogo la wazazi, na vizimba vya chandarua vya vifaranga. Nataka kuzalisha mwenyewe spirulina, mwani mdogo wa buluu-kijani, na kuitia kwenye chakula cha vifaranga. Nitaongeza sehemu mpya hapa kila hatua inapokamilika. Bei zote ni nilizolipa mimi. Kwako zinaweza kupanda au kushuka.

19 Januari 2025. Hesabu kwanza

Dagaa ndio wanaonimaliza. Chakula cha vifaranga kinataka protini ya asilimia 40 hivi, na huku kwetu protini hiyo inatoka kwa dagaa wa Mwanza, soya iliyokaangwa na mashudu ya alizeti. Pumba za mpunga hazinisumbui, skimu ya Lower Moshi iko mlangoni. Dagaa wa kusaga nimewapata kwa Sh 4,500 kilo, na ukiwachekecha unabaki na mchanga wa kutosha kupiga lipu.

Spirulina kavu ina protini kati ya asilimia 55 na 70. Haina ukuta mgumu wa selulosi kama klorela, mwani mwingine mdogo, hivyo humeng'enywa bila shida. Sato naye ameumbwa nayo: asidi ya tumbo lake ni kali, pH (kipimo cha asidi na magadi, 7 ndiyo katikati) inashuka hata chini ya 2, na hapo seli za mwani wa buluu-kijani zinapasuka. Ndiyo maana sato wa Ziwa George kule Uganda wananenepa kwa mwani ambao samaki wengi wanautoa kama walivyoumeza.

Sasa upande wa pili. Tangi la wazi linalotunzwa vizuri hutoa kama gramu 5 hadi 10 kavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Langu litakuwa mita 2 kwa 4. Nikikadiria gramu 6, napata gramu 48 kwa siku, yaani hazifiki kilo moja na nusu kwa mwezi. Bwawa la kukuzia linamaliza uzito huo kwa mlo mmoja. Kwa hiyo wale wanaosambaza video kwamba utaacha kununua chakula cha samaki kwa sababu ya tangi la mwani hawajakaa chini na kalamu. Kwenye chakula cha vifaranga kwa asilimia 4, lakini, kilo moja na nusu inakwenda kwenye kilo 35 na ushee za chakula. Vifaranga wanakula kidogo, na huo ndio umri ambao lishe mbovu inaua. Mradi utaishia hapo kwa vifaranga. Spirulina hapa ni chumvi ya mboga, si ugali.

8 Februari. Magadi, na kwa nini nimeyaacha

Spirulina inataka maji ya magadi, pH kati ya 9 na 10.5. Huko ndiko kwao: maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, yale yenye heroe. Kwa mtu wa Kaskazini wazo la kwanza ni magadi ya Ziwa Natron, maana yamejaa sokoni. Nilikwenda Mbuyuni, nikamwambia muuzaji nataka debe.

"Mwanangu, debe zima? Makande ya harusi?"

"Nawapikia samaki, mama."

Alinipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Tatizo la magadi haya ni floridi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi. Kiasi chake kinatofautiana gunia kwa gunia, na kwa macho hujui. Ukanda wetu wote una shida hiyo: pita kata ya Maji ya Chai uangalie meno ya watu waliokulia pale, kisha ujiulize kwa nini serikali iliweka kituo Ngurdoto cha kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Niliyeyusha magadi kwa kipimo ambacho tangi lingehitaji, nikapeleka chupa maabara ya maji. Jibu lilizidi zaidi ya mara kumi ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo WHO inaiweka kuwa kikomo cha maji ya kunywa.

Utaniambia samaki hanywi chai. Ni kweli, lakini floridi hujikusanya kwenye mifupa, na sato mdogo wa kukaanga huku kwetu analiwa na mifupa yake, hasa na watoto. Rojo la spirulina nalo linatoka tangini likiwa na maji ya tangi ndani yake. Sikuona sababu ya kuongeza floridi kwenye mkoa ambao tayari unayo.

Kuna na sababu ndogo ya kikemia. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, kwa hiyo pH inaanzia karibu na 10, na mbegu changa, yaani spirulina hai ya kuanzishia, inashtuka. Bikaboneti tupu inaanzia karibu na 8.3, halafu inapanda yenyewe kadiri mwani unavyokula kaboni. Nimechukua bikaboneti, ule unga mweupe wa waokaji, gunia la kilo 25 kwa Sh 72,000. Magadi nimempa mke wangu, makande hatutakosa.

Wapo walionishauri nikachote mbegu maziwa ya Momela. Kwanza ni ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na huchoti kitu hifadhini kama kisima cha kijiji. Pili, mwani wa ziwani haumo peke yake. Mwaka 2004 heroe walikufa kwa wingi Ziwa Manyara na Momela Kubwa, na watafiti wakataja sumu za mwani wa jamii hiyo hiyo ya buluu-kijani kuwa sababu inayowezekana. Mbegu yangu imetoka kwa mfugaji wa Usa River, lita chache ndani ya dumu lililoachwa wazi mdomo. Ukisafirisha mbegu usifunge kifuniko, inavunda njiani.

23 Februari. Tangi na dawa zake

Fremu ya mbao, plastiki nene ya kutandikia bwawa, kina sentimita 20, jumla lita 1,600. Maji ni ya bomba, yalikaa kwenye simtanki wazi mpaka harufu ya klorini ikaisha. Pampu ndogo ya kuzamisha inazungusha maji mchana.

Kwa kila lita: bikaboneti gramu 8, chumvi ya mawe gramu 5, nitrati ya potasiamu gramu 2, mbolea ya MAP (fosfeti ya amonia) gramu 0.1, salfeti ya magnesiamu gramu 0.2. Hizo mbolea tatu ni za wakulima wa nyanya na maua, maduka ya pembejeo yanapima hata kilo moja. Chuma nimekitengeneza nyumbani: misumari isiyo na rangi ndani ya siki na maji ya limau mpaka maji yawe ya kahawia-kijani. Vijiko vichache vinatosha tangi zima. Usiweke misumari ya bati, ina zinki.

Gharama ya kuanzia: bikaboneti 72,000, nitrati kilo nne 20,000, MAP 4,500, magnesiamu 2,500, chumvi 6,000, plastiki 95,000, mbao na misumari 60,000, neti ya kivuli 45,000, pampu 48,000, kitambaa cha kuvunia 18,000, karatasi za pH na kipimajoto 25,000. Jumla Sh 396,000. Neti sikuinunua siku ya kwanza, na ilinigharimu. Soma chini.

16 Machi. Jua limeua mbegu

Mbegu haimwagwi yote kwenye tangi kubwa. Unaikuza kwa hatua: ndoo, pipa, kona ya tangi, na kila mara unaongeza maji mapya yasiyozidi yale uliyonayo. Kanuni hii niliijua, ila mbegu ilikuwa inakua vizuri pipani na jua la Machi lilikuwa linawaka, nikaruka hatua. Nikamwaga pipa lote tangini saa nne asubuhi, maji yakawa ya kijani hafifu, sakafu ya tangi inaonekana. Kufikia jioni rangi ilikuwa njano, kesho yake mapovu meupe pembezoni na maji ya rangi ya mkojo.

Sababu ni mwanga. Spirulina ni nyuzi ndogondogo. Maji yakiwa mazito, nyuzi za juu zinawakinga wenzao na zinapokezana. Yakiwa mepesi, kila uzi uko juani mchana kutwa, na mwanga unaozidi uwezo wake unaharibu mitambo yake ya usanisinuru. Joto la maji lilikuwa nyuzijoto 34, ambalo spirulina inalipenda, kwa hiyo joto lisisingiziwe.

Nilikuwa nimebakiza lita mbili kivulini, dirishani. Kila anayeanza afanye hivyo na asiziguse. Safari hii nimekata kona ya tangi kwa ubao na plastiki, nikaanza na lita chache chini ya neti iliyokunjwa mara mbili. Neti naikunjua kadiri maji yanavyokolea. Kipimo cha ukolezi: kifuniko cheupe cha chupa ya maji kwenye kijiti chenye alama za sentimita. Unakizamisha mpaka kipotee machoni. Kikipotea kabla ya sentimita 3, vuna. Kikionekana mpaka 5, acha kuvuna. Zaidi ya 7, rudisha kivuli.

13 Aprili. Urea

Hapa ndipo wengi watanaswa, kwa sababu hesabu ya urea inavutia. Kila kilo ya spirulina kavu inabeba karibu gramu 100 za naitrojeni. Kuirudishia tangi kwa nitrati ya potasiamu, yenye naitrojeni chini ya asilimia 14, unahitaji karibu robo tatu ya kilo, kwangu Sh 3,600. Kwa urea, yenye asilimia 46, ni gramu 220 tu, hela ya maandazi mawili.

Niliweka dozi ya wiki nzima kwa mkupuo. Siku ya kwanza shwari. Siku iliyofuata nilipofunua neti harufu ilinipiga puani, ile ya choo cha stendi, macho yakawasha. pH ilikuwa 10.2. Urea ikivunjwa na bakteria inatoa amonia, na kwenye maji ya pH hiyo amonia karibu yote inakaa katika hali ya gesi, ambayo ndiyo sumu. Mpaka ni pH 9.25 kwa maji ya nyuzi 25: ukiuvuka, zaidi ya nusu iko upande wa sumu, ukifika 10, ni zaidi ya asilimia 80. Kwenye bwawa la samaki la pH 7.5 dozi ile ile isingekuwa na kishindo, ndiyo maana mazoea ya bwawani yanadanganya hapa.

Kilichookoa tangi: kutoa nusu ya maji, kujaza mapya yenye bikaboneti (hiyo peke yake ilishusha pH hadi karibu 9.5), kuacha pampu ikipiga maji juu usiku kucha ili amonia itoroke, na kutia kivuli. Rangi ilirudi taratibu. Maji niliyotoa sikuyapeleka bwawani wala mfereji wa mpunga. Chumvi na soda vile vinaharibu udongo. Niliyamwaga kwenye shimo lenye plastiki, yakakauka.

Utaratibu wa sasa: urea gramu 10 kwa siku kwa tangi zima, kijiko kikubwa kisichojaa, imeyeyushwa kwenye ndoo na kumwagwa jioni, tena siku ile tu niliyovuna. Nitrati inabaki kama akiba. Pua inatangulia kipimo: nikisikia amonia hata kidogo, hakuna urea.

11 Mei. Masika

Kuvuna ni rahisi kuliko nilivyodhani. Kitambaa nilichotumia ni ile hariri ya plastiki ya wachapaji wa fulana, tundu zake ni ndogo na hakiozi. Nakitandaza juu ya kreti, namwaga maji ya tangi kwa jagi, maji yanarudi tangini, kijani kinabaki juu. Kisha nakikunja na kukikamua chini ya jiwe mpaka rojo liache kudondosha. Likikamuliwa vizuri, sehemu moja kwa tano ndiyo kitu kikavu.

Kuna siku kitambaa kilipitisha kijani chote. Nilidhani kimetoboka. Tulipoangalia tone moja kwa hadubini ya shule ya jirani tukaona nyuzi zetu zilizojizungusha kama springi, lakini kati yake vipunje vya kijani vya duara vimejaa: mwani mwingine, ulioingia baada ya mvua kupunguza ukali wa maji. Dawa yake ilikuwa kurudisha chumvi na bikaboneti kwenye kiwango na kuacha pH ipande hadi 10.3: kwenye maji makali spirulina inajaza nafasi haraka kuliko wavamizi. Tangu hapo tangi lina paa la plastiki angavu. Ningelijenga na paa tangu mwanzo, Sh 38,000 nyingine.

Kukausha ndiko kulikonishinda. Juani moja kwa moja rojo linapauka. Kivulini wakati wa masika halikauki, linavunda na kunuka kama samaki wa juzi. Nilijaribu kulikamua kwa bomba la sindano kuwa tambi nyembamba juu ya chandarua, likakauka siku moja ya jua la kusuasua, mawingu yakarudi, nusu ikatupwa. Oveni ya mkaa inapita nyuzi 60 bila kukuaga na ile rangi ya buluu inakufa.

Mwisho nikajiuliza nakausha ili iweje, wakati chakula chenyewe nakikanda kwa maji. Chakula cha kilo 5 kwa asilimia 4 kinataka spirulina kavu gramu 200, ambayo ni rojo kilo moja. Maji yaliyomo kwenye rojo yanachukua nafasi ya maji ya kukandia. Sasa navuna asubuhi, nakanda pale pale na dagaa, soya, mashudu, pumba na molasi kidogo ya kushikanishia, napitisha kwenye kinu cha nyama, natandaza nyembamba chini ya paa, nasaga kuwa chengachenga. Kazi ya kukausha mara mbili imekuwa moja. Mavuno yakizidi, rojo linakaa kwenye friji siku moja, si zaidi.

Angalizo la kusuuza: suuza haraka kwa maji kidogo, kuondoa soda. Nilipolisuuza kwa ndoo nzima ya maji matupu, yaliyotoka chini ya kitambaa yalikuwa ya buluu kama wino wa karani. Seli zilikuwa zimepasuka, na ile buluu ni protini inayokwenda na maji.

29 Juni. Vifaranga

Vizimba sita, vifaranga hamsini kila kimoja, wote wa mtotoleo mmoja, nusu gramu hivi kila mmoja walipoanza. Vitatu vilikula chakula changu cha kawaida. Vitatu vilikula hicho hicho, dagaa wamepunguzwa kupisha spirulina asilimia 4. Nilipima uzito kwa pamoja, ndoo yenye maji juu ya mizani, ili nisiwakamate mmoja mmoja.

Kizimba kimoja cha spirulina kimetoka kwenye hesabu. Mdiria aligundua pembe ya neti iliyolegea akafanya hoteli. Nimevifunika vyote sasa.

Waliobaki: wa spirulina wamefikia wastani wa gramu 4.1, wa kawaida gramu 3.8. Usikimbilie kushangilia. Vizimba vya kawaida vyenyewe kwa vyenyewe vimetofautiana kuliko hizo gramu 0.3, kwa hiyo ukuaji siuhesabu kuwa umethibitika. Ninachoweza kusema ni kwamba kupunguza dagaa hakukuwadhuru, na vifo vilikuwa vichache pande zote mbili.

Tofauti inayoonekana kwa macho ni mbili. Chakula chenye spirulina hakifiki chini. Wanakigombania kikiwa bado juu. Na rangi: mapezi yamekolea, mkia una wekundu pembeni. Samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi (kemikali za rangi ya njano na nyekundu), lazima azile, na mwani umejaa hizo. Mnunuzi wa vifaranga kutoka Kahe aliuliza nawapa nini, akachagua vya upande ule kabla sijamwambia. Hilo lina bei yake.

Asilimia 4 naona inatosha. Kuongeza zaidi kuna kikomo: spirulina ina methionini (kijenzi kimoja cha protini) pungufu ukilinganisha na dagaa, kwa hiyo mwenye kutaka kuwafuta dagaa wote atalazimika kuitafuta kwingine.

27 Julai. Baridi, na hesabu ya pesa

Asubuhi maji ya tangi ni nyuzi 17. Chini ya 20 spirulina inakaa tu, haifi wala haikui. Paa la plastiki linapandisha joto mchana hadi 27, ila mavuno yameshuka hadi theluthi ya yale ya miezi ya joto. Ndugu zangu wa Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400, msianze mwezi Juni. Usiku nafunika tangi kwa turubai jeusi, asubuhi nalitoa mapema. Urea nimesimamisha, kwa kuwa mwani usiokua hauli naitrojeni.

Pesa: mbolea, umeme wa pampu na vipuri vinanifikisha karibu Sh 9,000 kwa kilo kavu katika miezi mizuri, bila kuhesabu mikono yangu wala kurudisha mtaji. Dagaa ni 4,500. Kwa protini peke yake, mwani umeshindwa, na kwa bwawa la kukuzia sitautumia kabisa. Kule maji ya kijani ya kawaida yanafanya kazi hiyo bure: samadi ya kuku ndani ya gunia lililoning'inizwa kona ya bwawa, kijiti cha kifuniko kipotee kwenye sentimita 25 hadi 30. Kikipotea mapema kuliko hapo naondoa gunia, maana alfajiri samaki wataanza kupumulia juu. Huo nao ni mwani mdogo, tofauti ni kwamba samaki anauvuna mwenyewe.

Kwa vifaranga hesabu ni nyingine. Spirulina ya kilo 5 za chakula inanigharimu Sh 1,800, na kilo 5 zinawatosha maelfu ya vifaranga wadogo kwa siku kadhaa. Mnunuzi wa Kahe ameagiza tena, na kwa waliokolea rangi ananiongezea Sh 20 kwa kila kifaranga. Tangi linabaki.

Kinachofuata ni wazazi: asilimia ile ile kwenye chakula cha majike kuanzia Septemba maji yakipata joto, nihesabu mayai na vifaranga wanaototolewa. Kabla ya hapo nabadilisha pampu. Panga zake zinakata nyuzi vipande vifupi vinavyopita kwenye kitambaa, na nimeshaonyeshwa gurudumu la kasia linalozungushwa na mota ya waipa ya gari bovu. Fundi wa Pasua anataka Sh 65,000, tunaelewana kwenye 50.